Je, akili na utaratibu wa ulimwengu vinahitaji Mungu? Njia tatu za kujibu swali moja

Mabishano kuhusu Mungu yakikolea, hufika mahali mmoja akamwambia mwenzake, "Hata hiyo akili unayoitumia kumkana Mungu, umeiazima kwake." Mwenzake hujibu kuwa hajaazima kitu, maana mbili na mbili ni nne kwa anayesali na kwa asiyesali. Kuanzia hapo kila mmoja hurudia lake kwa sauti ya juu zaidi, na msikilizaji aliyekuja na swali la dhati huondoka nalo vilevile alivyokuja. Naandika kwa ajili ya msikilizaji huyo.

Kuna maswali mawili hapa ambayo huvishwa kanzu moja. La kwanza: je, ni lazima mtu amwamini Mungu ndipo aweze kufikiri sawasawa? La pili: je, ni lazima Mungu awepo ndipo kufikiri kwenyewe kupate pa kusimama? Jibu la swali la kwanza ni hapana, na watetezi makini wa dini hawalipingi. Kama Mungu ndiye aliyemtia mtu akili, basi alimtia hata yule asiyemwamini, na hesabu zake zitatoka vilevile. Cornelius Van Til, mwanateolojia mzaliwa wa Uholanzi aliyefundisha Philadelphia, aliisukuma hoja hii ya akili iliyoazimwa kwa Mungu mbali kuliko wengi katika karne ya 20. Alikuwa na mfano wake: mtoto aliyepakatwa na baba yake anampiga baba kofi, na asingeufikia uso huo kama asingekuwa amepakatwa. Kofi la mtoto ni kofi kweli. Kinachobishaniwa ni paja alilokalia.

Swali la pili ndilo lenye watu wa kweli pande zote, na ndilo nitakaloshughulika nalo.

Vipimo

Tuchukue mfano mmoja wa kutembea nao. Mwaka 1705 Edmond Halley wa Uingereza alichapisha hesabu zake kwamba nyotamkia zilizoonekana 1531, 1607 na 1682 zilikuwa ni moja, na kwamba ingerudi karibu na 1758. Alifariki 1742 bila kuiona. Ilionekana siku ya Krismasi ya 1758. Imerudi tena 1835, 1910 na 1986, na sasa inangojwa 2061. Kwa nini bonge la barafu na vumbi lililo mbali vile lifuate hesabu zilizopigwa mezani kwa kalamu? Na tuna haki gani ya kulingoja 2061?

Kila njia nitaipima kwa mambo manne. *Kesho*: inatupa sababu gani ya kutarajia kwamba taratibu za jana zitaendelea? David Hume, mwanafalsafa wa Scotland, alilibana swali hili mwaka 1739: ukisema "zimeendelea siku zote," umetumia yaliyopita kuthibitisha yajayo, na hicho ndicho ulichoulizwa. *Akili*: kwa nini tuamini kwamba fikra zetu zinaelekea kwenye ukweli? *Mantiki*: kanuni kama ile ya kwamba kitu hakiwezi kuwa hivi na kisiwe hivi kwa wakati mmoja na kwa maana ileile, zinatoka wapi? Na *gharama*: njia hii inakutaka ukubali nini bila uthibitisho?

Cha nne nakipa uzito. Tangu zamani za Wayunani wenye shaka ilijulikana kwamba ukidai sababu ya kila sababu, utaishia mahali pamoja kati ya patatu: mnyororo usiokwisha, mduara unaorudi ulikoanzia, au mahali unapotua mzigo na kusema "hapa natulia." Hakuna njia kati ya hizi tatu iliyokwepa jambo hilo, kwa hiyo usitafute isiyo na mzigo. Tazama mzigo ni upi.

Njia ya kwanza: Mungu ndiye msingi

*Kesho.* Nyotamkia itarudi kwa sababu ulimwengu unashikiliwa na Mwenye kuushikilia, naye si kigeugeu. Myahudi na Mkristo hukumbusha ahadi aliyopewa Nuhu, kwamba kupanda na kuvuna, mchana na usiku, havitakoma. Mwislamu hukumbusha aya zinazosema hakuna mabadiliko katika mwendo wa Mwenyezi Mungu. Hii ni nguvu ya kweli, kwa kuwa hapa utaratibu unapata sababu, wakati mazoea peke yake hayatoi. Mpinzani huuliza: Mungu awezaye kutenda muujiza, umejuaje kwamba kesho si siku ya muujiza? Muumini humjibu kwa kutegemea ahadi, na ahadi huijua kwa imani.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu waumini wenyewe wamelumbana juu ya jambo hili kwa kina ambacho mabishano ya leo hayakifikii. Al-Ghazali, aliyefariki 1111, alichukua mfano wa moto na pamba. Tunaona pamba ikigusana na moto, kisha tunaiona inaungua. Tunachoshuhudia, alisema, ni kuungua *pamoja na* kugusana; hatujaona kamwe kuungua *kwa sababu ya* kugusana. Anayeunguza ni Mungu, na kule kufuatana kwa moto na kuungua ni ada yake. Neno ni hilohilo tulilolipokea sisi kutoka Kiarabu: ada, jambo linalotendeka kila mara kwa sababu mwenye kulitenda amelizoea, ingawa halazimiki. Ibn Rushd, aliyefariki 1198, alimjibu bila huruma: anayeziondoa sababu katika vitu ameiondoa akili, maana akili si kingine ila kuvielewa vitu kwa sababu zake. Wote wawili walikuwa wanazuoni wa sheria ya Kiislamu. Wote wawili walimwamini Mungu mmoja. Mmoja aliuona utaratibu wa ulimwengu kuwa tendo la Mungu la kila nukta, mwingine akauona kuwa ni tabia halisi alizovipa vitu. Na zaidi ya miaka 600 baada ya al-Ghazali, Hume alisema karibu yaleyale kuhusu kufuatana kwa mambo, ila bila ada ya Mungu nyuma yake. Kwa hiyo anayekuambia kwamba ubishi huu ni wa waumini upande mmoja na wasioamini upande wa pili amekupa ramani yenye makosa.

*Akili.* Hoja inayosomwa sana leo ni ya Alvin Plantinga, mwanafalsafa Mkristo wa Marekani, aliyeitoa 1993. Kama akili imetokana na mageuzi ya viumbe yasiyo na mwongozo, kilichochujwa ni tabia zinazomwezesha kiumbe kuishi na kuzaa. Ukweli wa fikra zake haukupimwa moja kwa moja. Basi anayeamini kwamba hakuna kingine ila mageuzi hayo ana sababu ya kuitilia shaka kila fikra yake, ikiwemo hiyohiyo ya kwamba hakuna kingine. Charles Darwin mwenyewe, katika barua ya mwaka 1881, alikiri kusumbuliwa na shaka ya namna hii. Shaka yake, lakini, ilihusu imani kubwa kama ile ya kwamba ulimwengu si wa kubahatisha. Hakuwa anazungumzia kuhesabu mayai kiotani.

Udhaifu wa upande huu ni wa zamani. Mwaka 1641 mwanafalsafa Mfaransa René Descartes alisema kwamba tunaweza kuyaamini yale akili inayoyaona wazi, kwa kuwa Mungu si mdanganyifu. Mwaka huohuo mwanateolojia Antoine Arnauld akamuuliza: umemjuaje Mungu, kama si kwa akili ileile? Van Til hakuukimbia mduara huu. Alisema kila aliyefika kwenye msingi wake wa mwisho huzunguka, na kwamba mduara wake yeye ndio pekee unaobeba vingine vyote. Naiheshimu kauli hiyo kwa ukweli wake, ila naona inamruhusu mpinzani kusema vivyo hivyo kuhusu mduara wake.

*Mantiki.* Kanuni za mantiki ni fikra za Mungu, ndiyo maana hazina mahali, hazizeeki na hazitofautiani kati ya watu. Swali linalofuata ni la tangu Plato: je, Mungu anaziwaza kwa sababu ni kweli, au ni kweli kwa sababu anaziwaza? La kwanza linaifanya mantiki isimame bila amri yake. La pili linafungua mlango wa kusema angeweza kuamua vingine, na Descartes aliupita mlango huo, akasema hata kweli za hesabu Mungu angeweza kuziweka tofauti. Wanateolojia wengi hukataa yote mawili na kusema mantiki ni sehemu ya jinsi Mungu mwenyewe alivyo.

*Gharama.* Unatua mzigo kwa Mungu, na hapo huulizi tena. Pia hoja hii, hata ikifaulu kabisa, inakufikisha kwenye msingi wenye akili. Haikufikishi mlango wa msikiti wala wa kanisa. Safari hiyo ni nyingine na ina hoja zake.

Njia hii inamfaa anayeamini tayari kwa sababu nyingine na anataka kuona imani yake inavyoshikana na elimu, na pia yule ambaye hawezi kutulia mbele ya neno "ipo tu."

Njia ya pili: maumbile yanatosha

*Kesho.* Nyotamkia itarudi kwa sababu ina uzito, jua lina uzito mkubwa zaidi, na hakuna kilichojitokeza kuikatiza. Ukiuliza kwa nini uzito uvutane na uzito, utapewa kanuni pana zaidi, na mwisho utaambiwa ndivyo ulimwengu ulivyo. Mwanafalsafa Mwingereza Bertrand Russell, alipojadiliana na padri Frederick Copleston katika redio ya BBC mwaka 1948, alisema karibu hivyo: ulimwengu upo, basi. Wengi wa njia hii hukubali kwamba Hume hajajibiwa. Mwanafalsafa Hans Reichenbach, mwaka 1938, alitafuta njia ya pembeni. Tabibu anasema hajui kama upasuaji utamponya mgonjwa, ila kama kuna dawa yoyote, ni huo upasuaji. Vivyo hivyo, hatuna hakika kwamba ulimwengu una utaratibu wa kudumu, lakini kama upo, kujifunza kutokana na yaliyopita kutaupata. Hilo halithibitishi kwamba kesho itafanana na jana. Linaonyesha tu kwamba hupotezi kitu kwa kutarajia hivyo.

*Akili.* Kwa Plantinga hujibiwa kwamba kuishi na ukweli havikuachana mbali. Kiumbe anayekosea kila mara kupima umbali wa chui hana wajukuu; mwanafalsafa W. V. Quine alilisema wazo hili 1969 kwa maneno yake. Lakini naona nguvu kubwa ya njia hii iko kwingine: inaeleza pia akili inapokosea. Tunaona nyuso mawinguni, tunakadiria vibaya uwezekano wa mambo adimu, tunaogopa zaidi kilichotutisha jana. Akili iliyoundwa na haja ya kuishi ingekuwa na kasoro za namna hiyohiyo. Njia ya kwanza nayo ina jibu, nalo ni kuanguka kwa mwanadamu na dhambi, ila haikuambii mapema kasoro zitakaa wapi.

Tena akili haifanyi kazi peke yake. Mwaka 1846 Urbain Le Verrier wa Ufaransa, kwa hesabu tupu za kuyumba kwa sayari Uranus, alisema mahali sayari isiyojulikana ilipo, na Neptune ikaonekana kutoka Berlin karibu na hapo. Akatumia ujanja uleule kwa Mercury, ambayo nayo mwendo wake haukulingana na hesabu, akatabiri sayari nyingine karibu na jua. Ilikwishapewa na jina, Vulcan. Haikuwepo. Tofauti iliyobaki, sekunde 43 za tao kwa karne (sekunde ya tao ni sehemu moja ya 3,600 ya digrii), ilingoja hadi 1915 Albert Einstein alipobadilisha kanuni yenyewe ya mvutano. Mtu wa njia ya pili husema: tazameni, hatukuhitaji mdhamini wa kutuahidi kwamba akili haikosei, tulihitaji darubini na watu wenye subira.

Hata hivyo kuna mahali ambapo njia hii huniacha na kiu. Kupima umbali wa chui ni jambo moja. Hesabu za Einstein ni jingine, na hakuna babu yetu aliyenusurika kwa ajili yake. Mwanafizikia Eugene Wigner aliandika 1960 kwamba manufaa ya hisabati katika sayansi za maumbile yanapita kiasi ambacho tungeweza kukitetea kwa sababu. Tunabuni hisabati kwa uzuri wake, baadaye tunakuta ulimwengu umekwisha kuitumia. Wapo wanaojibu kwamba tunakumbuka hisabati zilizofaa na kusahau zisizofaa, na jibu hilo lina chembe ya ukweli. Kwangu halijamaliza kazi.

*Mantiki.* Hapa wenye njia hii hawana kauli moja. Wengine huiona mantiki kuwa kanuni za lugha, wengine kuwa ukweli mpana kuliko wote kuhusu ulimwengu.

*Gharama.* Unautua mzigo kwenye ulimwengu wenyewe na kanuni zake, bila kuuliza zaidi. Mwenye njia ya kwanza atasema umetua mapema mno. Wewe utamwambia ameongeza ghorofa moja kisha akatua vilevile.

Inamfaa anayependa maelezo yanayoweza kupimwa na kukanushwa, na asiyeona haya kusema "sijui kwa nini, lakini ndivyo ilivyo."

Njia ya tatu: akili haihitaji mdhamini

Njia hii huachwa nje ya mabishano mengi, na ndiyo maana mabishano hayo hukwama. Inasema kosa liko kwenye kudai dhamana.

*Mantiki.* Nianze na hapa kwa sababu ndipo ilipo imara zaidi. Aristotle, mwanafalsafa wa Wayunani, alikiri kwamba kanuni ya kutopingana, ile ya kwamba kitu hakiwezi kuwa hivi na kisiwe hivi, haithibitishiki, kwa kuwa kila uthibitisho unaitumia. Lakini anayeikana, mwambie aseme neno moja lenye maana. Akisema, amekubali kwamba neno lake lina maana hii na si kinyume chake, amekwisha kuitumia. Asiposema, huna wa kubishana naye.

*Akili.* Ukiomba uthibitisho kwamba akili inaaminika, uthibitisho huo utaupima kwa nini? Mwanafalsafa Ludwig Wittgenstein, katika maandishi ya miaka yake ya mwisho kabla ya kufariki 1951, alitumia mfano wa mlango: ukitaka ugeuke, bawaba lazima zitulie. Mambo mengine hatuyahoji kwa sababu kuhoji kwenyewe kunageukia juu yake.

*Kesho.* Immanuel Kant, mwanafalsafa Mjerumani aliyesema kwamba Hume ndiye aliyemwamsha usingizini, alidai mwaka 1781 kwamba sababu na matokeo ni umbo ambalo akili inalipa kila tunachokipitia. Pasingekuwa na utaratibu huo, pasingekuwa na tukio lolote la kulisimulia. Ni wazo zito, na nimelirudia mara nyingi. Lakini linaonyesha namna *sisi* tunavyolazimika kuuona ulimwengu. Lile bonge la barafu halijui chochote kuhusu umbo la akili zetu, na bado lilirudi.

*Gharama.* Unaacha kuuliza kwa nini ulimwengu ukubaliane na akili, au kama Kant unakubali kwamba unavijua vitu jinsi vinavyoonekana kwako tu. Kwa wengi huko ni kufunga duka kabla wateja hawajaisha. Njia hii lakini haina dini wala haipingi dini. Kant hakumfukuza Mungu. Alimhamishia kwenye maadili.

Inamfaa anayetaka kuendelea na kazi ya kufikiri bila kungoja ubishi wa msingi uishe, awe muumini au asiwe.

Ukiwa katika hali hii au ile

Kama wewe ni muumini na mtu amekuambia sayansi imekuondolea haki ya kuamini, msome Ibn Rushd na al-Ghazali pamoja. Utakuta pana nafasi ya kuamini na kutafuta sababu, na utakuta pia kwamba unapaswa kuchagua kati yao. Ukitumia hoja ya Van Til kwa mtu mwingine, mwambie wazi kwamba unazungumzia msingi wa akili yake, si uwezo wake wa kufikiri. Wengi huumia wakidhani wameitwa wajinga, na mazungumzo hufia hapo.

Kama huamini na umebanwa na hoja hiyo, huna deni la jibu kamili hapohapo. Taja wazi unachokikubali bila uthibitisho, kisha muulize mwenzako swali la Arnauld. Ila usimcheke anapotaja ajabu ya hisabati, kwa sababu wanafizikia wasio na dini wameistaajabu vilevile.

Kama unafundisha au unafanya kazi ya sayansi, tofauti hizi hazitabadilisha vipimo vyako. Njia ya tatu inakutosha mchana, na mbili nyingine zitakungoja jioni.

Kama imani yako inayumba na mtu amekutolea hoja hii iwe nguzo yake, nakuomba usiitundike imani yote hapo. Ni hoja nzuri ya kufikiria. Haijawahi kuwashawishi wote walioielewa, na ukiiegemea peke yake, siku utakapokutana na Arnauld utaanguka kwa jambo ambalo halikustahili kukuangusha. Na kama kutoamini kwako kunayumba, nakuambia vilevile kuhusu kauli ya Russell.

Na kama unaulizwa na mtoto kwa nini jua huchomoza kila siku, mwambie kwanza dunia inazunguka. Akiuliza kwa nini isisimame, mwambie kinachozunguka huendelea hadi kipate cha kukizuia. Akiuliza kwa nini kanuni hiyo haibadiliki usiku tukiwa tumelala, amefika pale njia tatu zinapoachana. Mwonyeshe wewe umesimama wapi, na mwambie kwamba wapo watu wema wenye akili nzuri waliosimama kwingine.